Skrini ya ekskaveta imetoa msimbo: pima waya kabla ya kununua sensa

Shuka Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na hutakosa kumwona mtu anayetembea duka kwa duka akiwa na sensa kuukuu mkononi. Skrini ya ekskaveta yake imetaja presha ya oili, basi anatafuta sensa ya presha ya oili. Atainunua, ataipeleka machimboni Ruai au Mlolongo, itafungwa, ufunguo utazungushwa, na nambari itarudi palepale. Kesho yake atanunua nyingine akidhani ya kwanza ilikuwa feki. Huenda kweli ilikuwa feki, lakini hilo ni jambo jingine.

Skrini haikusema sensa imekufa. Ilisema kompyuta ya injini imeona umeme usioutarajia kwenye pini fulani. Kati ya pini hiyo na sensa kuna mita kadhaa za waya, plagi mbili tatu, eathi inayotumiwa na sensa nyingine, na miaka yote ambayo mtambo ulichimba Japani au Uingereza kabla ya kushushwa Mombasa. Kwenye mitambo ya mtumba, uchakavu mwingi umejificha hapo katikati. Kwa hiyo hapa sensa itashukiwa baada ya betri, eathi, plagi na waya kupimwa.

Vifaa si vingi. Unahitaji multimita ya kuaminika (Luthuli Avenue zipo za kila bei, chukua yenye fyuzi ndani), balbu ya volti 24 ya wati 21 iliyounganishwa waya mbili, geji ya presha ya kufunga kwa mkono, na mchoro wa waya wa modeli yako hasa. Laptopu na adapta ni nzuri ukiwa nazo. Asiye na mchoro wa waya lakini ana laptopu ya bei ghali bado anabahatisha.

Kabla ya kugusa chochote

Andika msimbo wote, herufi na nambari, pamoja na saa za mita. Andika kama uko hai sasa hivi au ni kumbukumbu ya zamani, na umetokea mara ngapi. Usifute bado. Mtambo wa mtumba unaweza kuwa na kumbukumbu nyingi ambazo hazihusiani na shida ya leo, na ukizifuta zote utapoteza na ile moja inayohusika. Kutoa waya wa betri kwa matumaini kwamba "itajisahau" hakutibu kitu. Kompyuta nyingi za injini huhifadhi kumbukumbu hata bila umeme.

Namna ya kuifikia orodha hutegemea mtengenezaji. Kwenye Komatsu PC200-8, skrini ikiwa ya kawaida, shikilia kitufe cha 4 huku ukibonyeza 1, 2, 3 kwa mfuatano, na menyu ya fundi hufunguka. Injini za Cummins za zamani hazina skrini: unawasha swichi ya uchunguzi bila kustati injini, taa ya manjano inawaka mara moja, kisha nyekundu inapepesa tarakimu moja baada ya nyingine, unahesabu kwa makini huku mtu mwingine akiandika. Mitambo mingine ina plagi ya duara yenye pini tisa ndani ya kabini, ya kuchomeka adapta.

Halafu mhoji opareta, tena vizuri.

"Mzee, mtambo huu umechomelewa lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, fundi. Jino la ndoo lilikuwa limeng'oka."

"Waya za betri mlizitoa kwanza?"

"Aa, ilikuwa kazi ya dakika chache tu."

Jibu kama hilo linaweza kukuokolea siku nzima. Mashine ya kuchomelea iliyoshikishwa eathi kwenye chasi huku ndoo ikichomwa hupitisha mkondo mkubwa popote panapopitika, zikiwemo waya nyembamba za kontrola. Kabla ya kuchomelea, betri hutolewa waya, plagi za kompyuta huchomolewa kama mwongozo unavyoelekeza, na klampu ya eathi hufungwa karibu kabisa na mahali panapochomwa.

Nambari ya pili ndiyo inayokuongoza

Mitambo mingi ya miaka ya karibuni hufuata mtindo wa J1939, lugha ya pamoja ya kompyuta za mitambo, ambapo msimbo una sehemu mbili. Ya kwanza, SPN, inataja kinachohusika: 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza, 157 ni presha ya reli ya mafuta (bomba linalogawia injekta mafuta ya presha kubwa), 168 ni volteji ya betri, 190 ni mwendo wa injini. Ya pili, FMI, inasema kimekoseaje. Watu husoma ya kwanza wakakimbilia dukani. Ya pili ndiyo yenye habari.

FMI 0 na 1 maana yake kipimo kinaaminika lakini kimezidi au kimeshuka vibaya. 16 na 18 ni hayohayo, ila kwa ukali mdogo zaidi. Hapo kompyuta inaisadiki sensa na inalalamikia injini yenyewe. FMI 3 ni volteji iko juu kupita kiasi, 4 iko chini kupita kiasi, 5 ni waya umekatika au mkondo ni mdogo, 6 mkondo umezidi au umegusa eathi. Hizo nne ni za umeme. FMI 2 ni kipimo kinachorukaruka au kisicholingana na vingine. 7 ni chuma kisichotii amri, kwa mfano vali iliyokwama. 9 na 19 ni habari za mtandao zisizofika au zinazofika zikiwa mbovu.

Tofauti hii ina uzito. SPN 100 FMI 1 ni amri ya kuzima injini mara moja na kufunga geji ya mkono kwenye tundu la oili kabla ya kustati tena. SPN 100 FMI 3 inakuruhusu kuvuta pumzi: presha huenda ni nzuri kabisa, ila waya umekatika. Caterpillar hutenganisha mambo haya wazi zaidi, kwa kuwa matukio halisi ya injini huanza na E: E360 ni presha ya oili kushuka, E361 ni joto kupanda. Modeli zake za zamani huandika namba ya kompyuta kwanza, halafu sehemu, halafu FMI. Volvo nayo ina mpangilio wake, na Komatsu ina misimbo yake kama E02 au inayoanza na CA. Usichukue jedwali la kampuni moja ukasomea mtambo wa nyingine, hata kama injini zinafanana kwa sura.

Misimbo mingi kwa mpigo, isiyohusiana

Asubuhi mtambo unawashwa na skrini inajaa: presha ya oili, turbo, kanyagio la mafuta, joto, vyote pamoja. Sensa tano hazifi usiku mmoja. Tafuta kitu wanachogawana.

Anza na betri. Mitambo mikubwa mingi hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Zikiwa zimejaa na zimetulia, utapata takriban volti 25.2 au zaidi kidogo. Wakati wa kustati zisishuke chini ya 18 au 19. Injini ikinguruma, alternata ilete kati ya 27.5 na 28.5. Pima pia kila betri peke yake, kwa sababu Nairobi tuna tabia moja mbaya sana: redio au chaja ya simu ya volti 12 hufungwa kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo hubaki na njaa huku mwenzake akilishwa kupita kiasi, na jumla yake kwenye mita bado inaonekana nzuri. Siku ya baridi ya Julai, wakati wa kustati, volteji inaporomoka, kompyuta inazimika nusu sekunde na kuamka ikiwa na malalamiko mengi. Dawa ni kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, na betri mbili za umri na ukubwa mmoja. Kubadilisha moja tu ni kuiua mpya.

Eathi inafuata. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye bloku ya injini, kisha mwenzako astati. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna kutu au boliti iliyolegea njiani. Rudia hadi kwenye chasi ya kabini. Mitambo iliyofanya kazi karibu na bahari au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji hutujia na eathi zilizooza chini ya rangi mpya. Rangi mpya kwenye mtambo wa mtumba inapendeza kwenye picha ya tangazo. Kwa fundi wa umeme ni sababu ya kukwangua.

Usidanganywe na volti 24 tupu. Waya uliobaki uzi mmoja kati ya ishirini utaonyesha volti 24 kamili kwenye multimita, kwa kuwa multimita haivuti mkondo. Chomoa plagi ya kompyuta, funga ile balbu ya wati 21 kati ya pini ya chanya na ya eathi, uone. Iking'aa vizuri, njia ni nzima. Ikififia, tatizo umelishika. Balbu hiyo isiguse kamwe waya wa volti 5, wa ishara au wa mtandao.

Betri na eathi zikipita, geukia volti 5. Kompyuta hulisha kundi la sensa kwa laini moja ya volti 5, na sensa moja ikipiga shoti ndani yake inaangusha kundi zima. Pima kwenye plagi ya sensa yoyote ya kundi hilo ufunguo ukiwa umewashwa: kati ya 4.8 na 5.2 ni sawa. Ukipata volti 1 au 2, chomoa sensa za kundi moja moja huku unatazama mita. Volti 5 zikirejea ghafla, uliyoichomoa mwisho ndiyo mkosaji. Zisiporejea hata baada ya zote kuchomolewa, waya wa laini hiyo umegusa chuma mahali fulani.

Sensa moja, FMI 3 au 4

Hapa kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi, na nashangaa jinsi linavyofanywa mara chache. Ufunguo uwake, injini izimwe, chomoa plagi ya sensa inayolalamikiwa, subiri kidogo, usome msimbo tena.

Kama ulikuwa 4 na sasa umegeuka 3, kompyuta na waya ni wazima: umeiondoa sensa na volteji ikapanda kama inavyotakiwa. Sensa ndiyo iliyopiga shoti ndani. Sasa nunua. Kama ulikuwa 4 na umebaki 4, sensa haina hatia. Waya wa ishara umegusa eathi kati ya hapo na kompyuta.

Kama ulikuwa 3 tangu mwanzo, chukua kipande cha waya uunganishe pini ya ishara na pini ya eathi ya sensa ndani ya plagi hiyo iliyochomolewa. Msimbo ukigeuka 4, njia nzima iko sawa na lawama inarudi kwa sensa au pini zake. Ukigoma kugeuka, waya wa ishara au wa eathi umekatika. Hakikisha kwa mchoro kwamba hujaunganisha pini ya volti 5 na eathi, la sivyo utazua yale ya sehemu iliyotangulia. Kompyuta chache zimepangwa kinyume na hutoa 4 ukichomoa. Kinachotafutwa ni kuona msimbo unabadilika unapobadilisha kitu. Jaribio hili ni la sensa za presha na joto. Sensa za mwendo, zile zinazosoma meno ya gurudumu, zina utaratibu wake.

Kabla ya kurudisha plagi, itazame kwa tochi. Pini iliyorudi nyuma kidogo, kijani cha kutu, oili iliyopanda ndani ya waya kutoka kwenye sensa inayovuja, au muhuri wa mpira uliopotea. Huyu wa mwisho ni mgeni wa kawaida baada ya mtambo kuoshwa kwa maji ya presha. Usichomeke ncha nene ya multimita ndani ya pini ya kike. Utaipanua na kuacha hitilafu ambayo haikuwepo.

Sensa zinazosema uongo bila msimbo

Sensa inaweza kupotoka bila kuvuka mipaka ya kompyuta, na hapo hakuna msimbo, kuna mtambo mvivu tu. Fungua ukurasa wa vipimo kwenye skrini, ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijastatiwa tangu jana.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 82 au 83. Mombasa ni 101. Sensa ya presha ya hewa ikikuonyesha 101 ukiwa Njiru, inadanganya, na injini inapimiwa mafuta ya mahali penye hewa nzito: moshi mweusi, turbo inayochoka, nguvu isiyoeleweka. Presha ya turbo kwa kipimo kamili (kinachohesabu na presha ya hewa) isome sawa na ya hewa kabla ya kustati. Presha ya oili isome sifuri au karibu nayo, na ya reli ya mafuta vilevile. Joto la maji, la oili ya hidroliki na la hewa inayoingia yakaribiane, kwa kuwa vyote vimelala usiku kucha kwenye baridi moja. Maji yakisema nyuzi 80 alfajiri ya Julai, fuata waya wa sensa hiyo taratibu. Nimekuta rezista ya shilingi chache iliyofungwa kwa tepu mahali pa sensa, ili mtambo usilalamike kamwe juu ya joto.

Nguvu inakatika ukiubebesha kazi

Injini inanguruma vizuri ikiwa tupu. Ndoo ikizama kwenye mwamba, mwendo unashuka, taa inawaka, na skrini inaandika presha ya reli iko chini: SPN 157 FMI 18, au 1 hali ikizidi. Kwenye Komatsu msimbo wa jamaa hiyo ni CA559. Wengi husikia "pampu" na kuanza kuuliza bei ya pampu. Pampu iwe ya mwisho.

Fungua kifuniko cha tangi kwanza. Nguvu zikirudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba vumbi na pampu ilikuwa inafyonza dhidi ya ombwe. Kisha nenda kwenye chujio la ndani ya tangi, kwenye filta, na kwenye mpira wa kufyonza unaoingiza hewa kwenye klampu. Weka kipande cha mpira wa kuonekana ndani kwenye njia ya kufyonza utafute mapovu. Filta zote zikiwa mpya na mapovu hayapo, pima mafuta yanayorudi kutoka kwa kila injekta ndani ya chupa zinazolingana; injekta inayorudisha mengi kuliko wenzake ndiyo inayovujisha presha ya reli. Vali ya usalama ya reli ifuatie. Pampu ya presha ya juu ihukumiwe hayo yote yakiwa yamepita.

Chanzo cha yote haya mara nyingi ni mafuta yenyewe. Tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ilikusudiwa kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini dizeli ya mtungi inayonunuliwa kando ya Mombasa Road haina anayeiapia. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Maji ya mvua yaliyoingia kwenye pipa ni mabaya zaidi. Fungua koki ya kichungi cha maji kila asubuhi kabla ya kustati, uone kinachotoka.

Onyo moja hapa: usilegeze bomba la injekta injini ikizunguka, kama tulivyozoea kwenye injini za zamani. Reli hizi zinaweza kupita bar 1,600, na mchirizi wa mafuta wa presha hiyo hupenya ngozi. Waya za injekta nazo, kwenye injini nyingi, hupigwa volti 70 hadi zaidi ya 100. Usizitoboe kwa pini kupima.

Joto

Msimbo wa joto ukiwa FMI 0 au 16, mwamini. Rejeta iliyoziba vumbi la machimbo kati yake na kipoza hewa cha turbo, mkanda uliolegea, themostati. Kuna jambo moja la hapa kwetu: kwa mwinuko wa Nairobi maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati msimbo wa joto kwenye injini nyingi husubiri nyuzi 100 na kitu. Kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kinaruhusu maji kuchemka na kumwagika kabla skrini haijasema neno. Kisha sensa inabaki kwenye mvuke, na inasoma vibaya. Kifuniko kizuri na kulanti (dawa ya maji ya kupoza) halisi ni rahisi kuliko silinda hedi.

Msimbo unaokuja na kuondoka

FMI 2, au 3 na 4 zinazobadilishana nafasi, na fundi akifika mtambo ni mzima. Uliza unatokea lini. Bumu, ule mkono mkuu, ikiinuliwa? Kabini ikizunguka upande mmoja tu? Baada ya mvua? Kila jibu linakupeleka mahali. Waya zinazopita kwenye kiungo cha bumu hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Zivute kidogo, uzi uliokatika hunyooka kama mpira. Waya zinazopita chini ya sakafu ya kabini husuguliwa na mpira wa hidroliki hadi shaba inaonekana. Mtambo uliolala yadi miezi miwili ukisubiri mnunuzi huwa umekaribisha panya, nao hupenda sana kutafuna waya.

Acha injini ikizunguka, ukurasa wa vipimo uwe wazi, mtu atazame skrini huku wewe unatikisa waya kipande kwa kipande kuanzia sensa kurudi kompyuta. Kipimo kikiruka, simama hapohapo. Ukiunganisha, lehemu au tumia kiungo cha kubana chenye mpira wa kujisinyaza kwa joto. Waya mbili zilizopotolewa na kufungwa tepu nyeusi zitakuita tena mvua za Aprili.

Kompyuta hazisikilizani

SPN 639, E0E kwenye Komatsu, au skrini inayosema haipati habari za injini ilhali injini inazunguka. Mtandao unaounganisha kompyuta hizo ni waya mbili zilizosokotwa, zenye rezista ya omu 120 kila mwisho. Zima kila kitu, toa waya wa betri, pima kati ya waya hizo mbili kwenye plagi ya pini tisa, pini C na D. Takriban omu 60 ni sawa. Omu 120: rezista moja imepotea au waya umekatika katikati. Karibu sifuri: zimegusana. Omu 40: mtu ameongeza rezista ya tatu, na mara nyingi mtu huyo ni aliyefunga kifaa cha kufuatilia mtambo kwa simu. Vifaa hivyo vimejaa mjini, na vingine hudungwa kwenye waya za mtandao kwa klipu zinazokata nyuzi. Kiondoe kwanza, kisha upime tena.

Hidroliki nzito au kali kupita kiasi

Misimbo ya solenoidi, yaani vali zinazoendeshwa kwa umeme, mara nyingi ni FMI 5 au 6. Pima ukinzani wa solenoidi, ulinganishe na nyingine ya aina hiyohiyo kwenye mtambo huohuo. Badilishana plagi zao kama ni salama, uone msimbo unahamia wapi. E02 ya Komatsu inahusu solenoidi inayotawala pampu, na mtambo una swichi ya dharura ya kuuwezesha kumaliza kazi. Swichi hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kutengenezewa. Ukikuta mtambo unaouzwa ukiwa nayo tayari imewashwa, umejua sababu moja ya kuuzwa.

Mtambo usio na msimbo hata mmoja

Ukienda kununua yadi ya Mombasa Road au Enterprise Road, orodha tupu kabisa inapaswa kukutia wasiwasi. Mtambo wa saa 9,000 usio na kumbukumbu yoyote umefutwa, pengine asubuhi hiyohiyo. Washa ufunguo bila kustati: taa zote za onyo ziwake kisha zizime. Isiyowaka imetolewa au imefunikwa. Kisha uombe mtambo ufanye kazi nzito hadi oili ya hidroliki ipate joto hasa, ndipo usome misimbo upya. Anayeuza akikataa, mshukuru na uondoke.

Kwa laptopu, linganisha namba ya injini iliyo ndani ya kompyuta na ile iliyogongwa kwenye bloku. Zikitofautiana, injini au kompyuta imebadilishwa, na vipimo vya ndani huenda si vya injini hiyo. Linganisha saa za kompyuta na za skrini pia.

Mitambo mingi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 2014 hivi, na ya Ulaya ya miaka hiyo, huja na chujio la moshi na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Ilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, au 10 kwa Ulaya, ilhali kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa 50. Kwa hiyo wengi wanaoingiza mitambo hiyo huamua kuufuta mfumo kwa programu. Dalili yake ni tofauti ya presha ya chujio inayosoma sifuri muda wote hata injini ikikazwa, na tangi la AdBlue kavu bila lalamiko lolote. Muulize muuzaji programu ya awali iko wapi. Asipokuwa nayo, hesabu bei ya kuirudisha au ya kompyuta nyingine, uitoe kwenye bei anayotaka, kabla ya kuongea mambo ya lori la kuubeba.